Kompyuta Isiyofunguliwa na Mwanamume

Kazi yangu ni kupiga video katika sherehe za harusi za wanawake, kisha kuzihariri nyumbani kwetu Kuze. Kwa asiyejua desturi zetu za Mji wa Kale, usiku wa wanawake ni wa wanawake peke yao. Buibui huvuliwa mlangoni, simu hukusanywa na kutiwa kapuni papo hapo, na ndani huwa ni nywele zilizopambwa kwa asumini, mabega wazi, na viuno ambavyo kutwa nzima vilikuwa vimejificha. Kamera huingia moja tu, nayo ni yangu. Sikuaminiwa kwa sababu napiga picha nzuri; wapo wasichana siku hizi wanaonipita kwa mbali. Niliaminiwa kwa sababu tangu nianze kazi hii hakuna picha yangu hata moja iliyoonwa na mwanamume, na hilo kila nyumba ya hapa inalijua.

Ndiyo maana kompyuta yangu ilipokufa, sikuweza kufanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, yaani kuibeba na kuipeleka kwa fundi.

Ilikufa mwezi wa Shaabani, wakati harusi zimeshikana mikia kwa sababu kila mzazi anataka kuoza kabla ya Ramadhani kuingia. Umeme ulipotea, ukarudi, ukapotea tena, na uliporudi mara ya mwisho mashine ikatoa mlio mmoja mkavu na harufu ya plastiki iliyoungua. Niliibonyeza mpaka kidole kikauma. Haikutikisika.

Ndani yake mlikuwa na harusi ya msichana wa kichochoro cha pili kutoka kwetu. Mumewe anafanya kazi Muskati, na bibi harusi alikuwa amfuate kabla ya mwezi kuandama. Lakini si yeye aliyeninyima usingizi. Usiku wa harusi ile bibi yake, mama wa mamake, aliyeketi kwenye kiti na bakora yake tangu sherehe ianze, aliinuka, akaitupa bakora, akaivua leso ya kichwani, akampokonya mwenzake pembe na kuanza kupiga vugo, ule wimbo wetu wa harusi unaopigiwa pembe kwa kijiti. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikahofia kipaza sauti changu. Wiki chache baada ya harusi, yule bibi alifariki. Kadi za kamera nilikuwa nimekwisha zifuta ili zitumike kwenye harusi iliyofuata, kwa hivyo vugo lile lilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile mashine iliyokufa. Najua. Nilijilaumu vya kutosha, msomaji asinisaidie.

Mama wa bibi harusi alikuja alasiri ya siku ya pili. Habari huku kwetu hazihitaji simu. Alikaa, akakataa kahawa, akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki keki wala mapambo. Nataka kumuona mamangu."

Nikamwambia mashine imeharibika na sijui kama diski imepona.

"Basi mpe mwana wa ndugu yangu. Ana duka la ufundi huko mjini, mikono yakwe yasifiwa. Ataitoa hiyo diski, atakurudishia."

"Atajuaje kama imepona bila kuifungua aone kilichomo?"

"Atafumba mato."

"Akifumba mato ataona nini, mama?"

Alicheka, nami nikacheka, kisha akaanza kulia na mimi nikaona haya kwa kucheka. Akasema wao wenye harusi wameridhia, ruhusa amenipa. Nikamwambia, "Nyinyi mumeridhia. Na wageni wenu waliokuja kucheza? Nao niwaendee mlango kwa mlango?" Na humo hamkuwa na harusi yake peke yake. Mlikuwa na binti za watu wa msimu mzima.

Aliinuka kwa hasira. Mlangoni alijifunga buibui lake na kusema bila kunitazama, "Ikipotea sura ya mamangu kwa ukaidi wako, mimi na wewe tutaonana mbele ya Mungu." Niliisikia sandali yake ikishuka ngazi zote, na nilibaki nimeshika kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu aliniita mkaidi, na kwa sababu ni kweli. Hapo ndipo nilipoamua kwamba mashine ile nitaifungua mwenyewe, na ikiwa haifufuki nitaunda nyingine kwa mikono yangu miwili, na hakuna mwanamume atakayeigusa, awe fundi awe shehe.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimewahi kufungua kompyuta hata mara moja. Mimi ni mtu wa kamera. Kwangu kompyuta lilikuwa sanduku la kuchomeka ukutani.

Lakini ninaye shoga yangu mmoja, mtu wa bara, Mkristo, anayefanya kazi ya kutunza kompyuta katika ofisi moja bandarini. Tulijuana kwenye foleni ya benki, tukaanza kwa kuilalamikia foleni, na tangu hapo Jumapili akitoka kanisani huja kwetu kula. Mama yangu humwekea minofu ya biriani ambayo mimi binti yake siioni. Jumapili ile nilimwambia aje na bisibisi.

Tuliiweka mashine juu ya meza, chini ya dirisha, akaondoa ubavu wake. Kwanza ilitoka harufu. Haikuwa ya kuungua. Ilikuwa harufu ya udi, nzito, kana kwamba tumefungua kabati la nguo za Idi. Ndani, kila kitu kilikuwa na rangi ya kahawia. Feni ilikuwa imevaa koti la utandu unaonata, na kwenye pembe za chuma kutu ya chumvi ilikuwa imechanua.

"Dada," akaniuliza, "mnapika nini humu ndani?"

Kabla sijajibu, mama yangu alijibu kutoka jikoni, kwa fahari kabisa. "Naifukiza mimi! Kila Alhamisi magharibi, naishikia chetezo hapo nyuma ipandapo hewa. Hino mashine yapendwa mno na mato ya watu."

Shoga yangu alinitazama. Mimi nilitazama dari. Kila Alhamisi, miaka yote ile, mama alikuwa akisogeza chetezo kwenye tundu la feni, na feni ilikuwa ikivuta moshi wa udi na ubani kwa bidii yake yote na kuupaka ndani. Alikuwa akiilinda na husuda. Hakuna husuda ambayo ingeiua vizuri kuliko hivyo.

"Wataka kuniambia nimeiua mimi?" mama akasema, sasa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Ni umeme, mama," nikasema. Na ilikuwa kweli kiasi. Shoga yangu alieleza kwamba kile kisanduku cha kugawa umeme, ambacho wao hukiita pawa saplai, ndicho kilicholipuka kwanza, kikaondoka na bodi kubwa ambayo vitu vyote hukaa juu yake. Ingekuwa safi labda ingestahimili. Mama aliusikia huo ukweli wa nusu, akarudi jikoni, na siku hiyo minofu ilikuwa michache.

Kuhusu diski hakuwa na la kusema. Haikuonekana kuungua, lakini haingejulikana mpaka ipate mashine nyingine ya kuchomekwa. Kompyuta yake yeye ilikuwa ya ofisi, na ofisini wanaozikagua ni wanaume. Hilo alilisema yeye mwenyewe kabla sijalisema mimi, na nikampenda zaidi.

"Basi nitakuundia mpya," akasema.

"Hapana. Nifundishe kuchagua. Kuunda nitaunda mimi." Yeye alikuwa aondoke karibuni kwenda likizo kwao bara, na siku mashine itakapokufa tena, sitaki niwe nimekaa namngoja mtu. Alinipima kwa macho, akaona sina mzaha.

Jioni moja baada ya kazi tulikwenda Mama Ngina, kule kando ya bahari watu wanakopunga upepo, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukakaa juu ya ukuta, na akanifundisha kwa mihogo. Kipande kikubwa ni bodi. Kinachokaa katikati yake ni prosesa, ndiyo inayofikiri. Vijiti viwili vyembamba ni rami, ni kama meza ya kukatia: ikiwa ndogo, unakata kitu kimoja kwanza, unakiondoa, ndipo ukate kingine. Diski ni ghala. Kadi ya picha ni mtu wa pembeni anayesaidia kazi nzito za video. Pawa saplai ni tumbo. Nilikuwa nakula vipande vya somo huku akiendelea, ikabidi tununue vingine.

"Sasa kuna njia tatu," akasema. "Ukiwa na kama elfu thelathini, unachukua mashine ya ofisi iliyotumika, unaiongezea rami, unaiongezea diski. Itafanya kazi. Ukihariri harusi itakuchukua muda, utakunywa chai nyingi. Ukiwa na sabini hivi, unanunua bodi mpya, prosesa ya wastani ambayo ina uwezo wa picha ndani yake, rami ya kutosha, na diski ya kasi. Hiyo ni mashine ya mtu anayeishi kwa kazi hii. Ukiwa na laki na nusu, ndipo tunaongea kadi kubwa ya picha, na hapo unahariri hata filamu."

Mimi nilikuwa na zile za katikati, fedha za kamera ya pili nilizokuwa nimezitunza. Lakini sitadanganya, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ya laki na nusu. Nilijiona nimeketi mbele ya mashine ile, video zikitiririka bila kukwama. Nikaanza kumuuliza kama hatuwezi kupunguza hapa na pale, tukapata kadi hata ya chini kidogo.

"Kupunguza wapi?" akauliza.

"Hilo kasha. Na pawa saplai. Si ni bati na waya tu?"

"Kasha lolote, sawa, hilo punguza," akasema. "Ofisini tunanunua ya bei ya chini kabisa. Lakini pawa saplai usiguse. Ya bei rahisi ndiyo iliyokulipukia."

Niliendelea kutafuna. Upepo ulikuwa unatoka baharini, na nilipojipangusa uso nilihisi ule utando wa chumvi kwenye ngozi ambao sisi tumeuzoea mpaka hatuuoni. Nikalifikiria koti la kahawia kwenye feni, na kutu. Yeye alikuwa anazungumzia ofisi iliyofungwa madirisha, yenye kiyoyozi. Mimi nakaa nyumba ya mawe ambayo madirisha yake hayajafungwa tangu ilipojengwa, bahari iko hapo, na mama yangu yuko hapo na chetezo chake. Kwangu kasha halikuwa bati. Lilikuwa ndilo buibui la mashine.

"Kasha silipunguzi," nikasema. "Nataka lenye vichungi, vya kutoa na kuosha. Kadi ya picha sitaki tena."

"Umebadilika haraka."

"Nimemkumbuka mama haraka, ndiyo maana."

Tulibishana mpaka wauza mihogo wakaanza kutusikiliza. Yeye aliona napoteza fedha kwenye sanduku, mimi niliona yeye hajawahi kuishi na mama yangu. Mwishowe tukaafikiana: prosesa tushushe daraja moja, skrini nibaki na ile ya zamani, na kinachookolewa kiende kwenye kasha, pawa saplai, na kisanduku cha betri cha kuishikilia mashine umeme unapopotea. Na diski za kuhifadhia ziwe mbili, moja ikiwa nakala ya nyingine. Hilo la mwisho hakunishauri. Nililitia mwenyewe.

Kabla ya kusafiri aliniachia kijiti cha kumbukumbu chenye programu za kupakia na akanikumbatia. "Ukikwama nipigie," akasema.

Dukani nilikwenda peke yangu, huko mjini juu, kwenye mtaa wenye maduka ya kompyuta yamepangana. Muuzaji alinisalimu kwa adabu zote, masalkheri na habari za nyumbani, kisha akanionyesha kasha la kioo lenye taa zinazobadilika rangi, nyekundu, bluu, zambarau. Nikamwambia sifungui ukumbi wa harusi, naunda kompyuta.

"Mumeo ataipenda hii."

"Mume wangu hatoiona."

Alicheka akidhani ni utani. Akaniambia labda ningemwambia mume aje waelewane, maana vitu hivi vina mambo mengi. Sina mume, lakini hilo sikumwambia. Sikutaka lichukuliwe kuwa ndilo jibu. Nilimwambia anishushie pawa saplai zote alizonazo rafuni. Nikaziinua moja moja. Shoga yangu alinifunza kwamba ya uongo huwa nyepesi, ndani haina kitu, na mkono wangu ambao umebeba kamera miaka mingi unajua kutofautisha. Mbili nikamrudishia. Ya tatu nikaiweka mbele yangu.

"Hiyo ghali," akasema. "Chukua hii, ibaki pesa ya kadi ya picha. Kwa kuhariri video, bila kadi utajuta."

Pale nilitetereka. Kadi ilikuwa pale kwenye kabati la kioo, na feni zake mbili, imenona. Alinitajia bei ambayo, kwa kuchukua pawa saplai nyepesi na kasha la bati, ingewezekana kabisa. Nilisimama pale nikiwa na hamu ya wazi, kama mtoto. Kisha nikakumbuka ile sandali ikishuka ngazi zetu. Yule mama hakuniomba kasi.

"Lete kasha lenye vichungi," nikasema. "Lile dogo jeusi la chuma, lisilo na taa." Ilibidi alitoe stoo, limejaa vumbi, hakuna aliyewahi kuliuliza. Rami nilitaka mbili zinazofanana. Bodi nilitaka inayoikubali prosesa niliyochagua, na nilimfanya anionyeshe kwenye kikasha chake palipoandikwa. Nilipomaliza hakulitaja tena neno mume. Aliita tuktuk mwenyewe na kunipakilia.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa kwenye baraza ya ndani, amekwisha washa makaa. Chetezo kiko tayari.

"Hapana, mama."

"Kitu kipya hakiingii nyumba hino bila kufukizwa. Wewe mwenyewe nilikufukiza."

"Mimi sina feni."

"Ile ya kwanza yalindwa miaka yote, na watu wakupatia kazi, harusi juu ya harusi. Wadhani ni hiyo kamera?"

Nilitaka kumwambia ukweli wote sasa, kwamba yeye na udi wake ndio waliotufikisha hapa. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa ameshika chetezo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na niliona kwamba anajua. Alikuwa anajua tangu ile Jumapili. Hakuwa anabishana na mimi, alikuwa ananiomba nisimnyang'anye kazi yake. Nikamhurumia, na hasira yangu yote ikaniishia kwa wakati usiofaa.

"Subiri," nikasema. Nililitoa lile kasha jeusi kwenye boksi lake. Lilikuwa tupu, chuma kitupu, halina hata waya. Nikaliweka chini mbele yake. "Lifukize hili. Lifukize vizuri, ndani na nje. Kisha baada ya hapo, mama, udi hauingii tena chumba kile. Milele."

Alilifukiza mpaka moshi ukatoka kwenye kila tundu. Alisoma alichosoma. Kisha tukalipangusa kwa kitambaa kikavu, yeye upande huu na mimi upande ule, na akasema, "Haya. Tia matumbo yako."

Kesho yake, baada ya kiamshakinywa, nilianza. Prosesa niliishusha mahali pake nikiwa nimezuia pumzi, kwa sababu nilikuwa nimeonywa kuwa vijipini vya chini vikipinda basi ni maombolezo. Rami zilitaka kusukumwa kwa nguvu kuliko nilivyotaka kuzisukuma, na zilipoingia zilitoa mlio uliomrusha mama kwenye kiti. Skrubu moja iliangukia nyuma ya bodi, nikalipindua kasha zima na kulitikisa. Nilitoka jasho. Nilitukana kimoyomoyo, na mara moja si kimoyomoyo.

Nilipobonyeza, feni zilizunguka kidogo, zikasimama. Nikabonyeza tena. Zikazunguka, zikasimama. Nikampigia shoga yangu, na sauti ikaniambia hapatikani. Alikuwa kwao, mlimani, ambako mtandao huja ukipenda. Nilikaa sakafuni. Niliogopa kweli. Niliona fedha za kamera zimekwenda, na vugo limekwenda, na mimi nimekwenda pamoja nalo.

"Kwani yasema yatakani?" mama akauliza.

"Haijasema kitu."

"Basi ianze tena toka mwanzo. Hata mshono ukienda upogo si watatuliwa?"

Nikafumua. Waya mmoja baada ya mwingine, nikiutoa, nikiutazama, nikiurudisha. Juu kabisa, kwenye pembe ya bodi, nyuma ya feni ya prosesa, nikakuta tundu dogo halina kitu. Prosesa ina waya wake peke yake wa umeme. Nilikuwa nimezilisha feni na diski na bodi, ile inayofikiri nikaiacha na njaa. Nikauchomeka. Nikabonyeza. Feni zikazunguka na hazikusimama, skrini ikawaka, na mama akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa majirani madirishani.

Kupakia programu kulinichukua mpaka adhuhuri. Niliswali kwanza. Kisha nikaichomeka ile diski ya zamani, nikangoja, na ikajitokeza. Harusi zote zilikuwa mle, zimejipanga kwa tarehe zake. Sikuifungua hata moja. Nilizinakili kwanza kwenye diski mpya zote mbili, na nilipoona zimekamilika ndipo nikalia.

Nilimpelekea mama wa bibi harusi salamu aje. Alikuja alasiri na binti yake, nao hawakuketi mpaka nilipowaketisha. Nikafunga mlango na dirisha la upande wa kichochoro. Nikawatafutia mahali pale.

Bibi aliinuka kwenye kiti chake, mbele yetu sote. Bakora ikaanguka. Leso ikatoka kichwani, na nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, zimesukwa nyembamba, na kikuba cha asumini upande mmoja. Akaipiga ile pembe, akaimba, na sauti yake ikakwaruza mwanzoni kisha ikafunguka. Mama wa bibi harusi aliweka kiganja kwenye skrini. Mjukuu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Feni za mashine yangu hazikusikika kabisa, na niliona fahari, sitaficha.

"Nirudishie," mama mtu akasema. Nikarudisha. Akatazama tena, mdomo wake ukienda na maneno. "Nirudishie tena." Nikarudisha.

Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akakaa wima. "Haya. Sasa futa."

"Nifute nini?"

"Hapo. Toka alipovua leso."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia hakuna mwanamume atakayeiona, nimeunda mashine nzima kwa ajili hiyo, itakaa humu na mimi ndiye mwenye ufunguo. Sauti yangu ilipanda. Nilikuwa nimekasirika tena, na safari hii nilikuwa pia na uchungu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Mamangu alivua leso mbele yetu akijua aweza kuivaa tena. Sasa hawezi. Ni sisi wa kumfunika."

Mjukuu aliutafuta mkono wa mamake.

"Ungekuwa umempa yule mwana wa ndugu yangu," akaendelea, "ningemwambia afute, naye angesema nimefuta, na mimi ningekaa nikijiuliza mpaka nife. Wewe ukiniambia imefutika, nitalala."

Nilitazama lile kasha jeusi. Ukaidi wangu wote aliuokota na kunirudishia mkononi.

"Na sauti?" nikauliza.

Alimgeukia binti yake. "Sauti mwachie mwanangu aende nayo."

Nikaitoa sauti kwanza, nikaihifadhi peke yake. Kisha nikafungua zile diski, ile ya zamani na mbili mpya, na kila moja, kabla ya kufuta, mashine ikaniuliza kama nina hakika. Ya kwanza nilijibu. Ya pili nilijibu. Ya mwisho niliinuka, nikampisha kwenye kiti changu, na akabonyeza yeye mwenyewe.